Mbegu za chia, tui la nazi na maziwa ya Koko

Juma lililopita niliahidi kwamba leo tutaingia jikoni tupike kitindamlo kisicho na maziwa, siagi wala yai. Ahadi ni deni. Lakini kabla hujafunga kanga kiunoni, keti kwanza nikusimulie kilichonifanya nikitafute kitindamlo hicho, maana kisa chenyewe nusura kinitenganishe na mavyaa yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Nimelelewa katika jiko ambamo maziwa ya ng'ombe yalikuwa ya chai tu, na vingine vyote, wali, mbaazi, samaki, viazi vitamu, ndizi mbivu, vilipikwa kwa tui. Mume wangu ni Mmaasai wa Kajiado. Tulipooana tukaja kupanga Kitengela kwa sababu ile ile iliyowaleta majirani zetu: kodi ilikuwa nafuu kuliko ya Nairobi, barabara ya Namanga iko mlangoni, na kazi za viwandani Athi River si mbali. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu laki moja na nusu katika mji huu, na ukisimama stejini jioni utasikia karibu kila lugha ya Kenya. Basi na nyumba yetu ndivyo ilivyo, mchanganyiko.

Mavyaa yangu sisi sote humwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai. Yeye huishi kule kwao Kajiado, na kila mwisho wa mwezi hupanda matatu kuja kuwaona wajukuu. Wajukuu humwinamishia vichwa naye huwagusa utosini, na baada ya salamu hizo hutoa kibuyu cha maziwa kilichofungwa kwa leso. Sijui kama umewahi kuyaonja maziwa ya kibuyu cha Kimaasai. Kibuyu husuguliwa ndani kwa kijinga cha mti wa oloirien, ule mzeituni wa mwituni, hata maziwa yakapata harufu ya moshi mtamu. Kwa mgeni ni kinywaji. Kwa Koko ni salamu, ni baraka, na ni hesabu ya mali yake yote.

Shida ilianzia kwa kitindamimba wangu. Alipofika umri wa miaka sita hivi, kila akinywa maziwa tumbo lilimvimba kama ngoma, likanguruma, kisha mbio hadi msalani. Kwanza nikasema ni minyoo, nikampa dawa. Halafu nikasema ni ujanja wa kukwepa shule, nikamgombeza. Haya nakueleza bila kujitetea, kwa kuwa najua wapo kina mama wengine wanaosoma ukurasa huu wanaowagombeza watoto wao asubuhi hii kwa kosa lisilo lao.

Halafu ukaja ule ukame. Utakumbuka kwamba kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala kando ya barabara ya Namanga, na huko nyikani hata wanyama wa porini walikufa. Koko alibakiwa na ng'ombe wawili wa maziwa. Hata hivyo hakuacha kuja na kibuyu, ila sasa hakikujaa. Alikuwa anawanyima waliobaki nyumbani, na pengine kujinyima mwenyewe, ili wajukuu wa mjini wapate.

Sasa hebu niambie, ni mtoto gani angeyakataa maziwa hayo? Wangu hakuyakataa. Aliyanywa mbele ya nyanya yake, akasema asante, akaenda kulala. Saa tano usiku nikamkuta kwenye ukuta wa choo amejikunja, anauma shati asisikike. Nilipomwuliza kwa nini alikunywa na anajua yatakayomfika, akanijibu, "Mama, Koko amebaki na ng'ombe wawili tu."

Kulipokucha nilimpeleka zahanati. Tuliyoelezwa huko, nami nikaongeza kwa kusoma, ndiyo haya. Maziwa yana sukari yake ya asili iitwayo laktosi. Ili sukari hiyo imeng'enywe, utumbo hutoa kimeng'enya kiitwacho laktesi. Mtoto mchanga huwa nacho tele, maana bila hicho asingeishi kwa kunyonya. Lakini kwa watu wengi duniani hupungua baada ya miaka ya kwanza ya utoto. Kikipungua, laktosi hupita hadi utumbo mpana bila kumeng'enywa, vijidudu vya humo vikaichachusha, na hapo ndipo gesi, msokoto na kuhara hutokea. Si ugonjwa wa kuambukiza, na hauui. Namna rahisi ya kuutambua ni kumwachisha mtoto maziwa kwa wiki mbili, kisha kumrudishia kidogo na kuangalia. Ndivyo tulivyofanya, na jibu likaja waziwazi.

Hapa naomba tusichanganye mambo mawili. Kuna mzio wa maziwa, na huo ni jambo jingine kabisa. Mwenye mzio anaweza kuvimba midomo, kutokwa na vipele au kubanwa pumzi kwa tone dogo tu, na mzio ndio huonekana zaidi kwa watoto wachanga. Ukiona dalili hizo usifanye majaribio ya jikoni, mkimbize mtoto hospitalini.

Koko aliposikia kwamba mjukuu wake hawezi maziwa, alinitazama kwa muda mrefu. Hakusema neno baya. Alisema tu, "Hii ni damu ya huko baharini." Msomaji, maneno yale yaliniingia! Nilikaa nayo wiki nzima. Kwa kuwa mimi ni mtu wa ubishi, nikaenda kutafuta ilivyo hasa.

Kumbe wataalamu walishalichunguza jambo hili papa hapa kwetu. Mwaka 2007 jarida la Nature Genetics lilichapisha utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake, waliowapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua kwamba miongoni mwa wafugaji wa Afrika Mashariki kuna badiliko katika jeni linaloufanya mwili uendelee kutoa laktesi hata ukubwani. Badiliko hilo si lile la Wazungu wa Ulaya. Lilizuka lenyewe huku, kwa makadirio yao kati ya miaka 3,000 na 7,000 iliyopita, na likaenea upesi kwa sababu aliyekuwa nalo aliweza kuishi kwa maziwa wakati wa dhiki. Kwa hiyo Koko hakukosea kuona kwamba maziwa na watu wake vimetoka mbali pamoja. Alikosea kwenye hesabu ya damu tu. Mtu hurithi nakala mbili, moja kwa mama na moja kwa baba, na nakala moja yenye badiliko yatosha. Baba mwenyewe akiwa na moja tu, aweza kumpitishia mtoto ile nyingine. Mtoto wangu kakosa kwa pande zote mbili, za bara na za baharini. Mume wangu nilipomweleza alicheka, akaniomba nisimfikishie mama yake.

Sasa tuje kwenye kitindamlo. Kwetu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana nilikuwa nikipika kastadi ya maziwa. Yule mdogo alipewa ndizi. Wenzake wakilamba bakuli, yeye anamenya ndizi. Kwa mtu mzima ni jambo dogo, lakini mtoto wa miaka kumi huihesabu kuwa ni adhabu. Nikasema nitatafuta kitu kimoja kitakacholiwa na meza nzima, kuanzia Koko hadi yeye, bila mtu kupewa sahani ya pembeni.

Jirani yangu mmoja, ambaye hali nyama wala kitu chochote kitokacho kwa mnyama, ndiye aliyenipa mbegu za chia kwenye karatasi. Nilipozitia maji tu nikacheka. Mbegu zilivaa koti la uteute, zikawa kama zile tunazokuta ndani ya faluda ya Mombasa! Zile za faluda ni mbegu za mrehani wa aina fulani, ambazo Wahindi huziita tukmaria. Nilipochunguza nikaona si ajabu kufanana, kwani chia na mrehani ni mimea ya jamii moja, jamii ya mnanaa. Tofauti ni kwamba za mrehani huvimba upesi na huachwa zielee katika kinywaji, ilhali za chia huchukua muda lakini zina nguvu ya kukigandisha kioevu kizima. Ndiyo sababu zinafaa kwa kitindamlo: zinafanya kazi ya yai, ya unga wa kastadi na ya jelatini, ambayo kama hukujua hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama.

Chia si mmea wa kwetu kwa asili. Umetoka Mexico na Guatemala. Waazteki waliulima kabla Wahispania hawajafika, na katika Codex Mendoza, kitabu cha picha kilichotengenezwa katika miaka ya 1540, mbegu hizo zimo miongoni mwa nafaka zilizolipwa kama ushuru, pamoja na mahindi na maharagwe. Baadaye kilimo chake kilififia, kikabaki vijijini. Kuanzia 1991 watafiti waliujaribu upya huko Argentina, na Umoja wa Ulaya uliruhusu mbegu zake zitumiwe katika mkate mwaka 2009. Siku hizi Waganda wanalima na kuuza nje, na baadhi ya wakulima wa Kenya pia wamo. Mmea huu hutoa maua siku zikiwa fupi, na kwetu karibu na ikweta mchana hauzidi saa kumi na mbili na kidogo, hivyo hausumbuliwi na majira. Kitengela utazipata kwa wauza nafaka na kwenye maduka makubwa. Nunua zile zilizo kavu, zisizo na vumbi wala vijiti, na usinunue nyingi kwa mara moja kwa sababu zina mafuta.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa balaa. Kosa la kwanza lilikuwa maji. Wakazi wa Kitengela mnayajua maji yetu ya visima vya kuchimbwa, yana chumvi kiasi cha kukataa sabuni. Nilikamulia nazi kwa maji hayo. Kosa la pili nilizimimina mbegu zote kwa mpigo katika tui la moto, nikafunika, nikaenda kuanika nguo. Niliporudi nilikuta mabonge kama saruji iliyoingia maji, nje yamelowa, ndani makavu, na ladha ni ya machozi. Watoto walikula kwa adabu. Kuku wa jirani nao walikula kwa adabu.

Jaribio la pili lilifaulu, na hilo ndilo nakupa. Kwa watu sita utahitaji nazi mbili zilizokomaa, vijiko tisa vikubwa vya mbegu za chia, maembe mawili makubwa yaliyoiva, tende nane au kumi, iliki nne au tano, na chembe ya chumvi. Maji yawe ya mvua, ya chupa au ya kununua kwa mkokoteni, mradi yasiwe ya chumvi.

Nazi uichague kwa sikio. Itikise, iliyo njema utasikia maji yakigonga. Isiyo na maji yaweza kuwa imeoza, imegeuka mbata au ina joya, na huku mbali na pwani nazi hukaa sokoni kwa muda mrefu, basi usione haya kutikisa kumi ukanunua mbili. Zivunje, uzikune kwa mbuzi. Usiye na mbuzi, kata vipande vidogo uvisage kwa mashine. Tia kikombe kimoja na nusu cha maji ya vuguvugu, kamua, chuja. Hilo ndilo tui zito. Rudia kwa maji mengine kiasi hicho hicho upate la pili. Yachanganye upate vikombe vitatu hivi vya robo lita.

Tui libandike kwenye moto mdogo pamoja na iliki iliyotwangwa na ile chumvi. Liwe linakorogwa muda wote, kuelekea upande mmoja, hadi litoe mvuke na kuanza kutokota pembeni. Ukiliacha litakatika, mafuta yakajitenga. Kulipasha hivi hulifanya lisichache upesi. Epua, liache lipoe hadi uweze kutumbukiza kidole bila kushtuka. Tende uzitoe kokwa, uziloweke kwa maji moto kidogo, kisha uzipondeponde ziwe uji, utie katika tui. Utamu huo watosha. Mwenye kutaka sukari na atie, ila nyumba yenye mwenye kisukari ikumbuke kwamba tende na embe nazo ni sukari.

Hapa ndipo penye siri. Nyunyiza mbegu kidogo kidogo kama unayesonga uji, mkono mmoja ukinyunyiza na mwingine ukikoroga kwa mchapo au uma. Zikisha, subiri dakika kumi, koroga tena, maana zitakuwa zimeanza kushikana chini. Subiri dakika kumi nyingine, koroga mara ya tatu. Kisha funika, tia katika friji kwa saa mbili au usiku kucha. Asiye na friji, au stima ikiwa imekwenda kama ilivyo desturi yake, aliweke bakuli ndani ya beseni la maji baridi penye kivuli, afunike kwa kitambaa kibichi, na ale siku ile ile. Lililokaa katika friji huwa gumu kidogo juu kwa sababu mafuta ya nazi huganda. Litoe nje dakika kumi kabla ya kupakua. Halizidi siku tatu.

Maembe uyamenye na kuyaponda. Kitengela hutuletea maembe ya Makueni, na yakiwa katika msimu bei yake haina mfano. Msimu ukipita tumia papai au ndizi mbivu. Weka tabaka la chia chini ya glasi na tabaka la embe juu.

Wanafunzi mnaokaa bwenini au chumba kimoja msinilaumu kwamba nazi na iliki ni mambo ya wenye nafasi. Kijiko kimoja kikubwa cha siagi ya njugu karanga kikikorogwa katika kikombe cha maji ya vuguvugu hutoa maziwa ya njugu ya kutosha. Ponda ndizi moja iliyoiva sana, tia vijiko vitatu vya chia, koroga mara tatu kama nilivyosema, ulale. Asubuhi una kiamshakinywa cha watu wawili.

Naomba nitoe onyo moja kwa sauti ya juu. Usizile mbegu hizi kavu kisha ukanywa maji. Zinaweza kufyonza maji mara kumi au kumi na mbili ya uzito wake. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha mtu wa miaka 39, mwenye historia ya taabu ya kumeza, aliyemeza kijiko kikubwa cha chia kavu akateremshia glasi ya maji. Mbegu zilivimbia katika umio zikauziba, ikabidi madaktari waingize vifaa kuzisukuma. Basi mtoto mdogo, mzee, na yeyote mwenye shida ya kumeza asipewe kabisa zisizoloweshwa. Anayetumia dawa za kupunguza mgando wa damu, za shinikizo au za kisukari amwulize daktari kabla ya kuzifanya chakula cha kila siku. Na wewe uliye mzima anza na kidogo, unywe na maji, kwani nyuzinyuzi nyingi kwa tumbo lisilozizoea huleta matatizo yale yale tuliyokuwa tunayakimbia.

Je, ni kweli zina hayo yote tunayoambiwa? Msomaji wa siku nyingi anajua mimi si mwepesi wa kuamini. Tulishaona kware. Mwaka 2013 kila uwanja wa nyuma ulikuwa na tundu la kware na mayai yake yalitibu kila maradhi. Mwaka uliofuata ndege hao wakakosa mnunuzi. Kwa hiyo nilikaa na hesabu. Katika gramu mia za chia kuna takriban gramu 34 za nyuzinyuzi, gramu 16 na nusu za protini na miligramu 630 za kalsiamu. Ni nyingi kwelikweli. Lakini hakuna anayekula gramu mia. Kijiko kikubwa ni gramu 12 hivi, na glasi yako ya kitindamlo ina kijiko kimoja na nusu. Hapo unapata kama gramu sita za nyuzinyuzi, jambo zuri, na kalsiamu kidogo kuliko nusu kikombe cha maziwa. Mafuta yake ya omega-3 ni ya aina ambayo mwili huweza kuigeuza kwa kiasi kidogo tu kuwa ile ipatikanayo katika samaki, kwa hiyo omena wako wa Jumatano bado yupo kazini. Na kama unachotafuta ni kalsiamu kwa mtoto asiyeweza maziwa, unga wa wimbi una zaidi ya miligramu 300 kwa gramu mia, na uji mtoto hunywa kikombe kizima, kwa bei isiyokufanya umtazame mwenye duka mara mbili. Wanaoziuza kama dawa ya kupunguza unene waulize ushahidi wao. Mimi nazila kwa kuwa zinagandisha tui vizuri, na kwa kuwa mwanangu sasa anakula kile wanachokula wenzake.

Haya, turudi kwa Koko. Mwisho wa mwezi ulipofika nilimpakulia glasi yake pamoja na wengine. Aliiinua, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, zile mbegu zimeelea kila moja na kijikoti chake.

"Mwanangu," akaniambia, "ni nani aliyekwambia mayai ya chura huliwa?"

Watoto wakacheka hata mmoja akapaliwa. Mimi nilitaka kuingia chini ya meza. Lakini yule mdogo akamsogelea, akamwambia, "Koko, onja. Hii mimi naweza." Akaonja kijiko, akakaa nacho mdomoni. Akala kingine. Akauliza, "Maziwa yako wapi?" Nikamweleza kwamba hamna, ni nazi. Akasema nyumba yenye ng'ombe kula maziwa ya mti ni mambo ya ajabu, lakini akaendelea kula, na nikaona jicho lake limemwelekea yule mtoto, jinsi alivyokuwa akikwangua glasi.

Aliposhiba akanigeukia, akaniuliza jambo ambalo lilinipasa niliulize mimi miezi mingi nyuma: "Yale yaliyolala, je? Umempa yale yaliyolala?" Alimaanisha maziwa yaliyochachishwa kibuyuni siku kadhaa, ambayo Wamaasai huyaita kule naoto. Akasema zamani kwao mtoto aliyesumbuliwa na maziwa mabichi hakuachishwa maziwa, alipewa yaliyolala. Nami nilikuwa nimesoma hayo hayo na kuyapita: maziwa yakichacha, vijidudu hula sehemu ya laktosi, hivyo wengi wasioweza maziwa mabichi huyaweza ya mgando kwa kiasi. Nilikuwa na majarida chungu nzima juu ya kabati, na sikuwahi kumwuliza mwanamke aliyefuga ng'ombe maisha yake yote.

Tulianza na robo kikombe, baada ya chakula, siku ambayo hakuna shule. Usiku ule nililala sikio moja wazi. Hakuamka. Baada ya wiki tukafika nusu kikombe, na hapo tumesimama, kwa sababu tulipopanda hadi kikombe kizima tumbo lilianza kunguruma. Nusu kikombe kinatutosha sisi na Koko pia. Mvua zilirudi, ng'ombe wake wamezaa, na kibuyu cha mtoto huyu sasa kinakuja peke yake, kimefungwa leso ya rangi nyingine asije akakichukua mwenzake.

Mwezi uliopita Koko aliomba nimfungie robo kilo ya chia aende nayo Kajiado. Nikafurahi, nikamwandikia mjukuu wake mkubwa wa kule vipimo vya tui na tende. Juzi nikampigia simu kuuliza imekuwaje. Nazi hawakuzipata huko, akasema, wala hawakuhangaika kuzitafuta. Amezitia mbegu kwenye kibuyu cha kule naoto, zimelala humo usiku mmoja, na wazee wawili waliomtembelea wamemaliza chote.